Upepo Kwenye Pembe ya Nne

Ndoto yangu ya jana haikungoja usiku. Ilinikuta saa nane mchana, nimejilaza juu ya meza ya kazi kati ya randa na kopo la gundi, tumbo limejaa ugali na maharage, nasubiri vanishi ikauke. Naisimulia kama nilivyoiota. Sikuongeza kitu, na pale nilipotamani kupunguza nimejizuia.

Kwanza mnijue, maana kule ndotoni kila mtu alikuwa ananijua na hilo ndilo lililoniponza. Naitwa Hoza. Natengeneza fremu za picha hapa Lushoto, kwenye kibanda nyuma ya soko. Fremu yangu haina msumari unaoonekana mbele wala kibati cha kufichia kona. Ni mbao nne za mninga, kila ncha imekatwa mshazari, digrii arobaini na tano, ncha mbili zinakutana na pembe inapatikana. Mjini nina sifa moja: kwenye maungio ya Hoza hupitishi hata unywele. Sikuianzisha mimi sifa hiyo, ila nimeitunza vizuri.

Sasa siri yenyewe. Mtu wa fremu anajua kwamba pembe ya kwanza hufunga vizuri, ya pili hufunga, ya tatu hufunga ukiibembeleza, halafu makosa madogo ya hizo tatu yote huenda kukaa kwenye ya nne. Hapo hubaki mwanya, mwembamba kama ukucha. Fundi mkweli huvunja akakata upya. Mimi huchukua unga wa mbao hiyohiyo, nikauchanganya na gundi, nikaushindilia kwenye mwanya, nikapiga msasa na kupaka vanishi. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja na hakuna jicho lililowahi kugundua.

Fremu iliyokuwa inakauka jana ilikuwa ya baba mkwe wangu. Marehemu Mwalimu Mbelwa alifundisha hisabati miaka thelathini na moja, akafariki Juni ya mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua. Kisomo chake cha mwaka, dua ya kumrehemu, ni leo alasiri, na picha itatundikwa sebuleni mbele ya ukoo mzima. Nayasimulia haya asubuhi, sifa yangu ikiwa bado ipo.

Picha ni moja tu, kwa sababu Mwalimu hakupenda kupigwa picha. Amesimama kwenye mlango wa darasa la tano, chaki mkononi, koti la sufu limeachwa wazi kama alivyoliacha maisha yake yote. Mke wangu Mwanaidi anasema mama yake alimsihi kila asubuhi afunge kile kifungo cha juu, kwa ukungu huu wetu, naye akawa anajibu kwamba mtu anayefikiri haoni baridi.

Nilipokwenda kuposa, Mwalimu aliniuliza swali moja. Hakuuliza kazi wala ukoo. Aliuliza pembe nne za mraba zikijumlishwa ni nyuzi ngapi, maana yeye alisema nyuzi, digrii aliziona ni maneno ya mafundi. Nikajibu kwamba inategemea mbao. Akanitazama toka begani hadi kisigino. Halafu akasema, "Mpeni. Ila huyu nitampima siku moja." Akafa hajanipima.

Kwa hiyo fremu hii nilitaka iwe jibu langu kwake. Mbao nilikuwa nazo za kutosha, na muda nilikuwa nao. Pembe ya nne, ya chini kushoto, ikaacha mwanya. Nikaitazama. Fremu ilikuwa imeshapendeza, moyo wa kuivunja sikuwa nao, nikachota unga. Nikaingiza kioo, nikaingiza picha, nikafunga mgongo, nikaegemeza ukutani, nikalala.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia ndotoni. Kwa ukoo huu mama mkwe hatazamwi na mkwewe, wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwepo mtu wa tatu, maneno hupitia kwake. Asipokuwepo, mama huegemea nje ya mlango wa kibanda, akauambia ubao mrefu wa mninga ulioegemezwa pale, "Ubao, mwambie fundi kadhaa wa kadhaa," nami nikiwa nimempa mgongo huujibu ubao. Miaka tisa sasa. Ule ubao siukati, kwa sababu una kazi.

Basi nimelala, na kitu cha kwanza nakisikia ni kikohozi. Kinatoka kwenye fremu.

"Nyumba hii ina upepo," anasema Mwalimu Mbelwa.

Nashuka mezani, nampa shikamoo. Anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. Namwambia labda ni dirisha. Anageuka ndani ya picha, anaangalia mlango wa darasa, anaangalia ukuta, anarudi mbele na kunijulisha kwamba mpiga picha hakuweka dirisha. Tai yake imelala upande wa kulia, inapepea. Upepo unatoka chini kushoto.

Namwambia ni vanishi, ikikauka huwa inapumua.  Mwalimu anaandika kwa chaki kwenye kioo, kwa ndani, ili nisome kinyumenyume: UONGO WA KWANZA.

Kisha anaziita mbao za fremu moja moja zijitambulishe. Ya juu inajitambulisha kwa heshima. Ya kulia pia. Ya chini na ya kushoto zinasukumana kwanza, kila moja inataka nyingine ianze.

"Mimi nilikatwa sawa," inasema ya chini.

"Na mimi nilikatwa sawa," inasema ya kushoto.

"Mmekutana?" anauliza Mwalimu.

Zinatazama sakafu. Ya chini inakiri kwamba hazijawahi kukutana. Kati yao amekaa mtu, analala kutwa, ana harufu ya gundi, na zote mbili ziliambiwa ni jamaa.

Hapo kibanda kinaisha. Sioni kinavyoisha, ila nimekaa kwenye dawati la mbele darasa la tano, magoti yamegusa kidevu, na Mwalimu yuko ubaoni mwili mzima, koti wazi. Nyuma yangu darasa limejaa. Nageuka na kuona wanafunzi wote ni fremu zangu. Harusi ya muuza mikate iko dawati la pili. Kioo cha saluni ya kina dada kimekaa na cheti cha ushonaji cha jirani yangu, wanapiga soga. Nyuma kabisa yuko yule mbuzi aliyeshinda kwenye maonyesho, ambaye mfugaji wake alitaka awekewe fremu kubwa kuliko ya mkewe, na anakula kona ya daftari.

"Simameni," anasema Mwalimu. "Kila mmoja aonyeshe pembe yake ya nne."

Wanasimama. Wanafunua pembe kama mtoto anayemwonyesha daktari koo, na unga unaanza kumwagika. Unamwagika bila kelele, unga mwekundu wa mninga, kutoka kwenye harusi, kutoka kwenye cheti, kutoka kwenye kioo cha saluni. Mbuzi anatoa mwingi kuliko wote na haonyeshi aibu. Unafika magotini mwangu, halafu kifuani. Nilishikwa na aibu ya kweli, ile ya kujikojolea mbele ya wenzako, na nilitazama huku na huku nione kama kuna anayecheka. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ule unga ukapiga chafya, ukasema na mimi. Sauti yake ni nyembamba na yenye adabu. Ulisema hauna kinyongo. Ulisema tu kwamba ulikuwa mbao kabla ya msumeno kuupitia, na umechoka kuigiza mbao tena.

"Mwalimu," nikasema, "kosa si langu. Kosa ni la kisanduku cha kukatia."

Kile kisanduku changu cha mbao chenye mifereji ya kuongoza msumeno kikaletwa mbele, kimevaa kaptula ya shule. Kilisimama wima kikakubali kila kitu. Mfereji wake umelegea. Msumeno ukiingia unacheza, mara nusu nyuzi kushoto, mara nusu nyuzi kulia.

"Umelegea tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tatu wa kazi, Mwalimu. Fundi aliniona. Aliniambia vumilia."

Nilikumbuka siku hiyo. Nilikuwa nimekiambia hivyo kweli, kwa sauti, nikidhani niko peke yangu.

Mwalimu akaweka chaki chini. Akasema alitoa ahadi siku ya posa na mauti yalimwahi, lakini sasa ana nafasi. Akachukua tepu yangu. Wanaotengeneza fremu mnajua inavyopimwa: unapima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha unapima zile mbili nyingine, na vipimo vikiwa sawa fremu imekaa mraba. Alinilaza kifudifudi juu ya meza yake, mikono imenyooka, miguu imenyooka. Akapima kutoka bega la kushoto hadi kisigino cha kulia. Akapima kutoka bega la kulia hadi kisigino cha kushoto.

Tepu ikajisomea yenyewe kwa darasa zima. Vipimo vinatofautiana kwa upana wa kidole.

"Amekaa upande," akasema Mwalimu. "Mwanangu ameishi miaka tisa na mtu aliyekaa upande."

Dawa yake ilikuwa ileile ninayozipa fremu. Fremu ikikaa upande, unaisukuma kwenye ule ulalo mrefu, wa pembe hadi pembe ya mkabala, mpaka ikubali. Ubao wa juu wa fremu ukanishika bega, wa kulia ukanishika kisigino, zikasukuma. Nilisikia mgongo ukisema kitu. Mbuzi akaomba ruhusa asaidie, akaruhusiwa, akanisaidia kwa kichwa.

Niliposimama nilikuwa sokoni. Soko ni lilelile letu, viazi, karoti, pichi kwenye vikapu, ila kila kona imekatwa mshazari. Meza zimekatwa, paa zimekatwa, na watu wenyewe wamekatwa mabega, upande mmoja wa bega umeshuka sawasawa. Wakikutana hawashikani mikono. Mmoja anainama nusu, mwenzake anainama nusu, mabega yanagusana, na kati yao haupiti hata mwanga. Mama mmoja wa karoti amekutana na dada wa nyanya hivyo, wamefunga kabisa, wanapeana habari za nyumbani.

Namuuliza askari wa soko sheria gani hii. Ananijibu kwamba ni sheria ya siku zote, wanaokutana kila mmoja atoe nusu yake. Anayetoa kidogo anaacha mwanya, anayetoa zaidi anaacha mwanya. Ananiuliza mimi nakutana na nani.

Nikamwona Mwanaidi anakuja, kanga ya bluu, bega limekatwa vizuri sana. Nilifurahi kupita kiasi. Nikainama, naye akainama, tukagusana.

Kati yetu kulikuwa na mwanya.

Mwanaidi akachungulia ndani yake. Akasema anaona soko lote kupitia pale, mpaka kwa muuza mikate. Nikamwambia ni nusu nyuzi tu, mke wangu.

"Nusu nyuzi ya wapi?" akauliza. "Ya mlango wa jikoni unaosema utautengeneza, au ya zile Ijumaa unazosema uko kazini?"

"Nitaziba."

"Najua utaziba. Tangu unioe unaziba."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani, na mimi nikaona uchungu mkubwa kuliko kama angenifokea. Nilitamani kusema neno la maana. Nilipofungua mdomo ukatoka unga wa mbao. Mwanaidi akanipangusa kidevu kwa ncha ya kanga, akaenda kununua karoti.

Nikakimbia kurudi kibandani nikate upya. Hilo nataka lieleweke. Hata ndotoni nilikimbia.

Mlangoni ule ubao mrefu ulikuwa umesimama bila kuegemea kitu, na nyuma yake, nje, nikasikia pumzi za mama mkwe. Nikageuka upesi, nikampa mgongo kama inavyotakiwa.

"Ubao," akasema mama mkwe, "mwambie fundi nimefuata fremu."

Ubao ukakohoa kidogo. Miaka tisa haukuwahi kutamka neno.

"Mama amefuata fremu," ukaniambia. "Hayo ni ya mama. Ya kwangu ni kwamba fremu haifai, na wewe unajua."

"Sema ya mama tu," nikaunong'oneza.

"Miaka tisa nimesema ya mama tu."

"Mwambie iko tayari."

Ubao ukageukia nje. "Fundi anasema iko tayari. Ameniambia niseme hivyo na jasho limemtoka mpaka kwenye kisogo. Pembe ya chini kushoto."

Nikauambia ubao huo kwamba nitaukata. Nitaukata sasa hivi, uwe upande wa nne wa fremu mpya, na mambo yatakwisha. Ukanijibu kwamba hauna neno, hata unaona ni heshima kumbeba Mwalimu, ila nitaukatia kwenye kisanduku gani? Nikakitazama kisanduku. Kilikuwa bado kimevaa kaptula. Kikatazama pembeni.

Nje mama mkwe akauliza mbona kimya. Ndani ya fremu Mwalimu alikuwa amerudi mahali pake, mdogo tena, chaki mkononi, na meno yalikuwa yanagongana. Tai ilikuwa imelala kabisa. Karatasi za darasa la tano zilikuwa zinaruka nyuma yake.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Nilikuwa na mbao na nilikuwa na muda."

"Hilo ndilo jibu la kwanza sahihi ulilonipa," akasema. "Umechelewa tu. Unajua mke wangu aliniomba miaka thelathini na minane nifunge kifungo hiki? Sikufunga kwa sababu kweli sikuona baridi. Nilidhani ananisumbua." Akaangalia chini kushoto, akakunja uso. "Leo naona."

Akashika kifungo cha juu kwa vidole vyenye chaki. Kilimtatiza, maana hakuwa amezoea. Alikipitisha, akasimamisha kola, akakunja mikono.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini, mzee?"

Alikuwa anataka kujibu. Kikohozi kikatangulia, na hakikuwa chake.

Kilikuwa cha mlangoni. Nilikuwa nimelala juu ya meza ya kazi, shavu limegandia karatasi ya msasa, kivuli cha soko kimeshafika kwenye kizingiti. Alasiri. Mama mkwe alikohoa mara ya pili, kama anavyokohoa daima ili nipate nafasi ya kugeuka.

Nilishuka haraka. Fremu ilikuwa ukutani, vanishi imekauka, inang'aa, pembe zote nne nzuri, hiyo ya chini kushoto nzuri kuliko zote. Nikajicheka moyoni. Nikaifuta kwa kitambaa nikitazama mbao tu, ndiyo tabia yetu, picha kwetu ni kitu cha kujazia katikati. Nikaiweka kizingitini, nikageuka nikatazama ukuta, nikasema, "Ubao, mwambie mama shikamoo. Kazi yake hiyo hapo."

Nikasikia akiinama. Nikasikia kanga ikipangusa kioo. Kisha kanga ikasimama.

"Ubao," akasema mama mkwe taratibu. "Muulize fundi. Mwalimu amefunga kifungo. Nani kamfungia?"

Ubao haukusema lolote. Ulikuwa ubao.

Nilitaka kugeuka nione, na sikuweza kugeuka bila kumtazama yeye. Kwenye misumari yangu ukutani nilikuwa nimetundika kipande cha kioo cha kujitazamia kilichobaki. Nilisogea hatua moja, nikainama, mpaka nikaiona picha ndani yake. Koti la sufu lilikuwa limefungwa mpaka shingoni. Kola imesimama. Mikono, ambayo asubuhi niliiona na chaki mlangoni mwa darasa la tano, ilikuwa imekunjwa kifuani. Na kwenye kifungo kulikuwa na alama nyeupe, ndogo, ya kidole.

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema ni mwanga. Ningeweza kusema picha za zamani hubadilika zikikaa nyuma ya kioo, na angekubali, kwa sababu ni mimi fundi. Unga wa mbao ulikuwa palepale kwenye kopo.

"Ubao," nikasema, "mwambie mama kuna upepo. Unaingia pembe ya nne, ya chini kushoto. Haikufunga. Nimeiziba kwa unga na gundi nikaipaka vanishi, na si hiyo tu, ndivyo ninavyofanya siku zote. Mwambie nampa pole Mwalimu. Mwambie anipe usiku huu mmoja, natengeneza kisanduku kipya, nakata upya, asubuhi atakuwa na fremu isiyopitisha hata unywele."

Nilisema yote hayo nikiutazama ukuta, masikio yanawaka moto. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nilishukuru desturi ya kutotazamana.

 Nikasikia ukucha wa mama mkwe ukigusa pembe ya chini kushoto, ukapapasa, ukapata mahali. Alipata mara moja, nadhani alikuwa anajua siku zote. Halafu nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni kilio, na kweli kilianza kama kilio, lakini kilimalizika kuwa kicheko kidogo cha puani.

"Ubao," akasema, "mwambie fundi asikate chochote."

Nikangoja.

"Miaka thelathini na minane nimemsihi yule mzee. Nimempigia magoti. Kifua kimemchukua koti likiwa wazi. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona amevaa kama mtu mwenye akili." Akapumua. "Mwambie atoe huo unga. Autoe wote, upepo uingie vizuri. Na kesho, wageni wakishakaa, amtundike yeye mwenyewe, mchana kweupe, karibu na dirisha. Dirisha nitalifungua mimi."

"Mama," nikasema, na nikasahau kabisa kupitia kwa ubao, "watauona mwanya."

"Ubao," akasema mama mkwe, "mwambie ndiyo."

Nikasikia kandambili zake zikishuka njiani, polepole, mpaka sokoni. Fremu aliiacha kizingitini. Nikaibeba nikaiweka mezani, nikachukua patasi ndogo kuliko zote, nikaanza kuchokoa.